Nyani, Mahindi na Makabuti ya Waume

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa blanketi na kiti cha kukunja, nikashindwa kuelewa kama mnanitakia mapumziko au ugonjwa. Nawashukuru hata hivyo. Kiti nimekiweka barazani hapa Kiamunyi, na tumbili wa mtaa wamekwisha kukikalia kabla yangu. Mliniomba niwaandikie habari za kazi yetu ilivyokuwa zamani, kazi ya kukaa katikati ya watu na wanyama huku kila upande ukikuona msaliti. Habari za vyeo sitaziandika, maana nilipanda polepole mno na mngesinzia. Nitaandika jinsi nilivyoanza, mzee aliyenifunza, na jambo lililotokea kando ya msitu wa Bahati miaka ya hamsini. Likinijia hata leo, popote nilipo, naacha ninachofanya na kubaki mdomo wazi.

Baba alikuwa fundi wa reli. Alitoka Bungoma akaletwa Nakuru na kazi, nasi tukakulia kwenye nyumba za reli. Nilipoandikwa kuwa askari wa wanyama nilijitangaza kwa majirani wote kwamba nakwenda kupambana na simba. Nikapewa kaptula iliyonifika chini ya magoti, firimbi, blanketi, na panga butu. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye shamba la mahindi, nikaambiwa niketi juu ya jiwe nitazame nyani mpaka jioni. Nilidhani ni adhabu, nikawa najiuliza nimemkosea nani mapema hivyo.

Aliyenikalisha kwenye jiwe lile alikuwa Mzee Kiptoo, mtu mfupi aliyekulia msitu wa Mau akirina asali. Yeye ndiye aliyebeba bunduki yetu, na alichukia kuipiga kwa sababu ilimuumiza bega. Jioni aliniuliza nimeona nini. Nikaanza kumtajia idadi ya nyani, wakubwa kwa wadogo.

"Wacha kuhesabu, kijana," aliniambia. "Hao si ng'ombe ya baba yako. Nyani akibweka, usiangalie yeye. Angalia mahali anaangalia."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopata kazini. Nyani humbwekea mtu, chui, mbwa na nyani mwenzake, na kila mara macho yake hukuonyesha taabu iko wapi. Vyombo vingine vya kazi vilikuwa madebe matupu ya kugonga, pilipili ya kuchoma pamoja na mavi ya ng'ombe, na nyoka aliyekufa wa kutundika mpakani. Madebe nyani huyazoea upesi. Nyoka hufanya kazi nzuri, ila Mzee Kiptoo alikuwa na tabia ya kumbeba kwenye mfuko uleule wa viazi vyetu vya mchana, na mara ya kwanza nilipotia mkono humo nilipiga kelele iliyofukuza nyani bila msaada wa nyoka.

Ninyi wa siku hizi mtashangaa nikiwaambia kwamba nyani wakati ule hakuwa na mtetezi. Mbega alilindwa kidogo, kwa vile ngozi yake ilitafutwa sana na ilikuwa nzuri machoni pa wakubwa. Nyani alihesabiwa takataka. Mwenye shamba aliweza kumuua apendavyo, na njia iliyopendwa ilikuwa sumu iliyopakwa kwenye mahindi. Mwaka wangu wa kwanza niliona shamba moja upande wa Subukia asubuhi baada ya sumu. Majike walikuwa wamelala na watoto wao vifuani, vidole vimejikunja. Kando yao walikuwa kunguru, mbwa wawili wa kijijini, na kima ambao hawakuwahi kumkosea yeyote. Kijito kilipita palepale. Nilishtuka hata nikaketi chini kwenye tope. Tangu siku hiyo bwana wetu wa idara, ambaye naye alikwenda akaona, alitaka tujaribu kila njia kabla ya mwenye shamba kufungua sanduku la sumu.

Kisha ikaja hali ya hatari, serikali ikipigana na Mau Mau. Mimi na Mzee Kiptoo tulipewa pasi za kupita, kwa kuwa hatukuwa Wakikuyu, na tukatumwa kwenye shamba moja nje ya Bahati lililopakana na msitu. Meneja wake aliitwa na wafanyakazi Bwana Haraka, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi katika Kiswahili. Wanaume wa shamba lile karibu wote walikuwa wamechukuliwa kizuizini. Kwenye laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, walibaki wanawake, watoto, na nyapara mmoja mwenye mguu mbovu. Wanawake walikuwa na vipande vyao vya mahindi mpakani kabisa, chini ya miti, kisha ndipo yalipoanza mahindi ya Bwana Haraka. Posho ilikuwa imepunguzwa. Vipande vile ndivyo vilivyokuwa chakula cha watoto.

Na nyani walijua kwamba wanaume hawapo. Hili si porojo, kila mtu aliyelima kando ya msitu atawaambia. Nyani humwogopa mwanamume hata akiwa mbali. Mwanamke humtupia jicho, kisha huendelea kumenya hindi. Wanawake wale walirusha mawe, wakapiga mayowe, na dume kubwa likawa linakaa umbali wa kutupa kiatu, likila taratibu na kuwatazama.

Aliyenieleza haya alikuwa Mama Gathoni, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, aliyekuwa kama kiongozi wa wenzake.

"Wewe ndiye askari wa nyani?" aliniuliza siku tuliyofika. "Kwa hivyo umekuja kulinda hao wezi?"

"Nimekuja ili wasipewe sumu, mama."

"Na sisi tupewe nini?"

Bwana Haraka alikuwa ameshasema kwamba nyani wasipoondoka kabla mahindi hayajakomaa ataweka sumu mpaka wafe wote. Mama Gathoni hakuitaka sumu hata kidogo, na hakunificha sababu. Watoto wa laini walikuwa na njaa. Mtoto mwenye njaa akiona hindi limelala chini haulizi limewekwa na nani. Basi nikajua kwamba mimi na yeye tulitaka kitu kimoja, ingawa hakuwa na huruma na nyani wangu hata chembe.

Tuligonga madebe, tukachoma pilipili, tukatundika nyoka. Nyani walitupisha mimi na Mzee Kiptoo tulikokuwa, wakaingilia upande mwingine. Shamba lilikuwa refu na wanaume tulikuwa wawili.

Wazo la makabuti lilitoka kwa wanawake wenyewe. Waume zao kadhaa walikuwa wamekwenda vita vya Burma wakarudi na makabuti mazito ya jeshi. Asubuhi moja nikaona watu wakitoka kwenye laini, makabuti mpaka miguuni, kofia zimeshuka machoni, fimbo mabegani. Nilisimama wima nikifikiri wanaume wameachiliwa. Aliyetangulia akavua kofia, kumbe ni Mama Gathoni. Nyuma yake alikuwa Wairimu, mke kijana wa miaka michache ya ndoa, amejitia mto tumboni na anatembea akivuta mguu kama nyapara.

"Nyinyi wanawake ya hapa ni wavivu sana!" Wairimu alifoka kwa sauti ya nyapara yuleyule. "Haraka! Haraka!"

Wanawake walicheka wakashikana. Nyapara mwenyewe alikuwa karibu, naye akacheka, akamwonyesha namna ya kuuvuta mguu vizuri zaidi. Tangu tulipofika sikuwa nimesikia kicheko mahali pale.

Nyani walipoyaona makabuti walikimbia. Dume kubwa lilipanda mti likabweka mpaka sauti ikalikauka. Siku zile za kwanza nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Baadaye nyani wakaanza kutilia shaka, kwani wanatazama sana mwendo, na Mzee Kiptoo akawa anawafundisha wanawake kutembea kiume. Ilikuwa ajabu kumwona mzee mfupi vile akiwakemea akina mama wapanue hatua na wasitikise mabega. Wairimu ndiye aliyehitimu kabla ya wote. Nyani wangu walidanganyika, mahindi yakasimama, na sanduku la sumu likabaki stoo.

Ndani ya msitu kulikuwa na doria za wenye bunduki. Kuingia humo kulikatazwa. Sisi tulikuwa upande wa shamba, uliokubaliwa, lakini sikupenda, maana wapiganaji wa msituni nao walivaa makabuti. Nilikwenda kwa Bwana Haraka nikamwomba awaarifu wakubwa wa doria kwamba watu wenye makabuti mpakani ni wanawake wa shamba lake. Mimi kambini kwao nisingepita getini.

"Ndiyo, ndiyo," alisema akiwasha gari. "Mimi tasema yeye."

Nilimkumbusha wiki iliyofuata. Akasema maneno yaleyale.

Asubuhi ya jambo lenyewe ukungu ulikuwa unaanza kuinuka. Mama Gathoni na Wairimu walikuwa upande wa juu, mimi nilikuwa chini yao kidogo. Mzee Kiptoo alikuwa mwisho mwingine wa shamba. Nyani walikuwa mitini, wanangoja kama kawaida yao. Ghafla dume likabweka, na wengine wakaitikia. Nikatazama macho yao. Hawakuwa wanatutazama sisi. Walikuwa wametazama pembeni, kwenye mtaro uliotoka msituni kuja shambani, na walibweka kwa ukali wa kumbwekea binadamu.

Nikajua mara moja kwamba doria iko mtaroni. Nikapaza sauti, "Laleni! Laleni chini!"

Mama Gathoni alijitupa. Wairimu alikuwa mbali zaidi, na nadhani alichosikia ni kelele yangu tu. Alifikiri nyani wameingia mahindini kwa upande wa mtaro. Akainua fimbo yake juu, akatoa sauti nzito ya kiume aliyofundishwa, akakimbia kuelekea kulekule, hatua pana, kabuti likipepea.

Walipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sijui nielezeje ukimya uliofuata. Nyani walikuwa wamezoea bunduki ya Mzee Kiptoo iliyopigwa hewani, na kila ilipolia walipiga kelele na kukimbizana. Siku hiyo hawakutoa sauti. Walikuwa wameshikilia matawi wanatazama chini. Nilisimama mikono juu huku firimbi yangu ikilia mdomoni kila nilipopumua, na sikuweza kuitema. Kutoka mtaroni wakaja askari, mbele yao afisa mweupe kijana, uso mwekundu kwa mbio. Askari mmoja alimgeuza Wairimu kwa mguu. Kofia ikadondoka. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cha maua.

"Ni mwanamke, afande," alisema.

Yule kijana alitazama kitambaa. Akanitazama mimi, kaptula na firimbi, kisha akatazama tena kitambaa, akaketi chini pale alipokuwa. Mama Gathoni alikuja akitambaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaweza kusimama. Alifungua vifungo vya kabuti la Wairimu kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu, akautoa ule mto akaulaza chini ya kichwa chake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa bado nimeinua mikono.

Kilichonishtua zaidi kilikuja kesho yake. Watu wa laini waliitwa mkutanoni. Mkubwa fulani aliyekuja kwa gari alisimama na Bwana Haraka, akatangaza kwamba gaidi mwenye kabuti ameuawa kando ya msitu. Gaidi. Alilitamka mbele ya wanawake waliokuwa wamemwosha Wairimu jioni iliyotangulia, mbele ya mama aliyemzaa. Akasema yeyote atakayeonekana na kabuti karibu na msitu atapigwa risasi. Makabuti yakakusanywa, yakamwagiwa mafuta, yakachomwa.

Nilinyoosha mkono. "Bwana, mimi nilikuwa pale. Huyu alikuwa—"

"Nyamaza wewe," Bwana Haraka alisema. "Wewe kazi yako nyani."

Nikampelekea neno bwana wetu wa idara, yule aliyeona mizoga ya Subukia akatikisa kichwa kwa huzuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa vilevile. Akasema ni jambo la kusikitisha sana, ila sisi idara yetu ni ya wanyama. Nilitoka ofisini nikasimama uani, na kwa kweli nilitaka kuivua ile unifomu niiache kwenye ngazi. Mzee Kiptoo ndiye aliyenizuia.

"Ukienda, sumu itawekwa kesho," alisema. "Ngoja kwanza. Utakasirika baadaye."

Sumu ingewekwa hata tukingoja. Bila makabuti hapakuwa na ulinzi, na Bwana Haraka alikwisha kutaja siku. Mama Gathoni alimwomba awaache kwanza wanawake wavune mahindi mabichi ya vipande vyao, wapate angalau chochote cha kuwapa watoto, halafu wawafungie watoto ndani. Akamkubalia saa za asubuhi tu, siku hiyohiyo ya sumu.

Tulikuwa mpakani wote. Bwana Haraka alikuja na Landrova yake, sanduku likiwa nyuma, na akabaki ndani ya gari. Mimi na Mzee Kiptoo tuliambiwa tusikanyage shambani. Nyani walikuwa wameshashuka kwa fujo, kundi zima, na mabua yalikuwa yanavunjika kila upande. Dume lilikuwa limekaa palepale penye umbali wa kutupa kiatu. Wanawake walisimama wakiogopa kuingia shambani, maana tangu siku ile hapana aliyeingia. Mama Gathoni akajifunga gunia kiunoni, akaingia peke yake. Alivaa gauni lake la kila siku, kichwani kitambaa. Hakuwa na kofia, hakuwa na fimbo, wala hakutoa sauti.

Dume liligeuka likamwona. Lilidondosha hindi. Halikubweka hata mara moja, lilikimbia. Na kundi zima likalifuata, majike wakiwanyakua watoto, vijana wakiangukiana, wakaupita mstari wa miti ya kwanza ambako walizoea kukaa na kutucheka, wakaendelea ndani kabisa mpaka tukaacha kusikia matawi. Shamba likabaki na mwanamke mmoja.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona tena kitu kama hicho. Mwanamke mwenye gauni! Mzee Kiptoo alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mama Gathoni mwenyewe alisimama katikati ya mabua akigeuka huku na huku, hajui kilichotokea. Hatukuelewa sote mpaka alipoangalia chini akaona amesimama karibu na mtaro, palepale alipomfungulia Wairimu vifungo huku nyani wakimtazama.

Bwana Haraka alitoka garini. "Wewe nafanya nini?" aliuliza. "Dawa gani hii?"

"Hakuna dawa, bwana," alijibu Mama Gathoni. "Uliza hao nyani gaidi alikuwa nani."

Bwana Haraka alirudi garini, kisha akaondoka na sanduku lake. Kesho yake hakulileta, wala keshokutwa, maana kila nyani walipochungulia na kumwona yule mama walitoweka. Walimjua yeye hasa. Wanawake wengine nyani waliwatilia shaka tu, lakini yeye walimkimbia. Sumu haikuwekwa msimu ule. Kundi lile lilisalimika lote, mbega wa msitu ule walisalimika, na watoto wa laini walikula. Katika taarifa ya idara tulipongezwa kwa juhudi.

Siku ya kumaliza mavuno nilimfuata Mama Gathoni shambani. Alikuwa anafunga gunia la mwisho. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nikamwambia namshukuru, kwamba ameokoa kundi zima na watoto pia.

Alivuta kamba ya gunia kwa meno mpaka ikakaza.

"Usinishukuru, Wafula," alisema. "Mahindi haya nilitaka kuyavuna na Wairimu. Sasa nikiingia hapa nyani wanakimbia, watu wanacheka, wanasema Mama Gathoni ni mwanamume. Mimi peke yangu ndio najua wanamkimbia nani."

Kisha akainama, nikamtwika gunia mgongoni.